Vigango Vilivyorudi Bila Kwao

Mwaka 2019 vigango 30 vilifika Kenya vikitokea Denver, Marekani. Jumba la makumbusho lililokuwa navyo, Denver Museum of Nature & Science, lilikuwa limeamua miaka kadhaa kabla ya hapo kwamba si haki yake kuendelea kuvishikilia. Yalikuwa mafanikio ya kweli, na wote walioyapigania wanastahili shukrani. Lakini makasha yalipofunguliwa, swali moja halikupata jibu: hivi ni vya nani? Viling'olewa uani kwa watu, vikauzwa, vikauzwa tena, na katika safari yote hiyo hakuna aliyejisumbua kuandika jina la kijiji wala la ukoo. Vimerudi Kenya, ila kwao havijafika.

Kwa asiyetoka upande ule wa pwani, kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa umbo la mtu: kichwa cha duara, kisha kiwiliwili kirefu chembamba chenye nakshi za pembetatu zilizotiwa rangi. Wagiriama na baadhi ya ndugu zao wa Mijikenda humsimikia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo. Marehemu wa kawaida husimikiwa kikoma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Kigango hakiwekwi juu ya kaburi. Husimama karibu na nyumba, na hapo ndipo jamaa humfunga mzee wao vitambaa, humwagia tembo la mnazi na kumweleza habari za mavuno, ndoa na maradhi. Kikishasimikwa hakihamishwi tena. Familia ikihama, chenyewe hubaki, na mvua na mchwa wakikimaliza, basi kimemaliza kazi yake.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipopata mwanya. Tangu miaka ya 1970 walijitetea kwa kusema vitu hivyo wamevikuta mahameni, vimetelekezwa, na kwamba wao wanaviokoa visioze. Lakini kukiacha kigango mahali pake ndiyo heshima yenyewe. Vijana wasio na kazi walilipwa vijisenti wakaving'oa usiku, maduka ya vinyago yakavipeleka mbele, na huko ng'ambo vikapata bei kubwa kama sanaa ya kupamba ukumbi. Wakusanyaji wakavitoa zawadi kwa makumbusho. Watafiti wawili wa Marekani, Monica Udvardy na Linda Giles, walipoanza kuvifuatilia walikuta mamia, vimetapakaa kwenye makumbusho karibu 20 ya nchi hiyo.

Kisa cha Udvardy kinafaa kuelezwa, kwa sababu kinaonyesha ni kitu gani hasa kinachopotea. Mwaka 1985, akiwa katika utafiti wake Kilifi, alimpiga picha mzee mmoja aliyesimama karibu na vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake waliofariki. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika, Giles alionyesha picha za mkusanyo uliokuwa katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, na Udvardy akakitambua kigango kimoja papo hapo. Cha pili kilipatikana Hampton University, jimbo la Virginia. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya, na familia ikapata chake, ila yule mzee wa kwenye picha alikuwa amekwisha kufariki. Familia ilikuwa ikiamini kwamba misiba na ukame ulioiandama ulitokana na wizi ule.

Mtu anaweza asiamini koma wala mizimu, na bado akaelewa uzito wa jambo hilo. Kwa jumba la makumbusho, kigango ni kipande cha mti chenye namba ya kumbukumbu. Kwa familia ile, ni ndugu wawili. Lau isingekuwa picha moja iliyopigwa kwa bahati, vigango vile navyo vingerudi bila jina, kama vile 30 vya Denver, au kama vile 37 ambavyo Jumba la Makumbusho la Jimbo la Illinois lilivirudisha mwaka 2023. Na Kenya yenyewe haikuvipokea vizuri siku zote. Vigango tisa vilivyotangulia kurudi viliripotiwa kukwama kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi kwa sababu ya madai ya ushuru wa forodha, sawa na shehena yoyote ya biashara.

Mazungumzo ya urithi katika magazeti na mabunge ya Afrika Mashariki huwa na kasoro hiyo hiyo ya kutanguliza biashara. Yanauliza urithi utaleta watalii wangapi na dola ngapi. Ni swali halali, hasa kwa nchi maskini, lakini haliwezi kuwa la kwanza. Urithi hudumu kwa sababu kuna watu wanaoutumia leo, kwa shughuli zao wenyewe, na siku watu hao wakinyang'anywa neno la mwisho juu yake, hata pesa za watalii hazina muda mrefu. Pwani ya Waswahili na Wamijikenda ina ushahidi wa kutosha.

Ushahidi mkubwa ni makaya. Mijikenda ni jamaa tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakishuka kukimbia vita, wakajenga vijiji vyenye ngome katikati ya misitu, ambavyo ndivyo makaya. Kila kaya ilikuwa na malango na njia zake, uwanja wa katikati, mahali pa baraza la wazee, makaburi, na fingo, yaani kinga ya jamaa nzima, iliyozikwa ardhini palipojulikana na wachache. Vijiji hivyo vilianza karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehamia mashambani na makaya yamebaki bila wakazi. Misitu ikaendelea kulindwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukata mti, kuchunga mbuzi, kuokota kuni wala kuacha njia iliyowekwa, na mkosaji alitozwa mnyama wa kafara.

Tazama matokeo yake. Katika ukanda ambao mkonge, minazi, mahoteli, machimbo ya mawe na tanuri za makaa vimemaliza karibu msitu wote wa asili, vingi kati ya vipande vilivyosalia kuanzia Kwale hadi Kilifi ni vile ambavyo wazee walivikataza. Wataalamu wa mimea wamekuta humo miti adimu isiyoonekana kwingine kwa urahisi. Hakukuwa na askari wa misitu wala uzio. UNESCO ilipoorodhesha makaya kumi katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, jumla ya hekta zaidi kidogo ya 1,500, ilikuwa inatambua kazi iliyokwisha kufanywa kwa vizazi na watu wasiolipwa.

Wakoloni waliyaelewa makaya haraka kuliko wapangaji wengi wa leo. Mwaka 1913 utawala wa Waingereza ulipowabana Wagiriama kwa kodi, kwa kuwataka vijana wakafanye vibarua, na kwa mpango wa kuwahamisha kutoka kaskazini ya Mto Sabaki, Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu kwa ngoma na kwa maneno, na kiapo cha kukataa kikaliwa Kaya Fungo. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Walitoroka wakarudi kwa miguu. Mwaka 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Hakuna anayepoteza baruti juu ya vichaka. Waingereza walikuwa wanapiga mahali ambapo jamii iliamua mambo yake, na walijua hivyo.

Leo kinachoyatishia makaya ni hati za ardhi na umaskini. Pwani ya Diani kila kipande kinachotazama bahari kina anayekitamani, na kuna makaya yaliyomegwa kwa hoteli na nyumba za kifahari kabla serikali haijaamka. Makaya yalianza kutangazwa rasmi kuwa mali ya urithi wa taifa mwaka 1992, na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi ikaongeza nguvu. Mwaka 2009 UNESCO iliweka pia mila na desturi za makaya kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Maana yake ni nzito: msitu unaweza kubaki umesimama, huku waliokuwa wanajua kwa nini usikatwe wakiisha mmoja mmoja.

Nao wanaishaje? Wengine kwa uzee, kama kawaida ya dunia. Lakini Kilifi na Kwale kuna jambo la kutisha ambalo halisemwi vya kutosha: wazee wenye mvi huuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi na watu wa nyumba zao wenyewe, na nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ugomvi wa shamba. Mzee anayejua dawa za miti, mipaka ya zamani na majina ya waliozikwa ndiye huyo huyo anayeitwa mchawi. Wengine huficha mvi zao kwa rangi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa. Mahali palipojengwa zamani kuwakinga watu na maadui wa nje panawakinga sasa na watoto wao. Anayetaka kujua urithi una faida gani mwaka huu, na si karne ya 16, aende akawaulize wazee wa Ganze.

Kuna wanaopinga kwa sababu za dini. Wapo wachungaji na maustadhi wanaoona kaya ni ushirikina mtupu, na dhamiri yao iheshimiwe. Lakini mfano wa Wadigo unapaswa kuwapa wasiwasi kidogo. Wengi wao ni Waislamu wa kuswali tano, na bado Kaya Kinondo, karibu na Diani, inalindwa na wao hao. Tangu mwaka 2001 wameruhusu wageni kuingia kwa masharti yao: mgeni hufungwa kaniki, huenda na mwongozaji, na kuna sehemu asizofika. Mapato husaidia shule na vikundi vya akina mama. Fedha ile inapatikana kwa sababu kaya bado ina makatazo na wapo wa kuyasimamia. Kaya iliyofunguliwa kila kona ingekuwa kichaka kidogo cha kupigia picha, na katika pwani yenye fukwe nzuri kiasi kile, nani angelipa kukiona?

Ni kweli pia kwamba si kila la zamani ni la kulindwa. Kumuua bibi kwa tuhuma za uchawi kunadaiwa na baadhi kuwa ni mila. Kumwoza binti wa miaka kumi na mitatu vilevile. Jamii zina haki na wajibu wa kutupa zinachoona kinawaumiza watu wao, na zimekuwa zikifanya hivyo daima. Ndiyo sababu inafaa uamuzi uwe mikononi mwa wenyewe, wanawake na vijana wakiwemo barazani, na usiwe kwa mfadhili anayetaka ngoma ibaki kama alivyoiona babu yake kwenye picha.

Urithi mwingine hauna hata msitu wala jengo. Umo chunguni. Kwa muda mrefu katika miji ya Kenya mboga za kienyeji, yaani mnavu, mgagani, kunde na, kwa watu wa pwani, mchunga, zilihesabiwa chakula cha wasio na uwezo. Mgeni akija alipikiwa kabichi. Mbegu zikawa zinapotea na majina nayo yakipotea. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakishirikiana na jamii za wakulima na wafugaji walianza kuorodhesha, wakafikia mimea ya asili ya chakula ipatayo 850 pamoja na majina yake ya kienyeji. Baadaye shule za msingi zikaingizwa: watoto wakatumwa kuwauliza bibi zao, wakaandika, wakapika. Mwaka 2021 UNESCO ikaitaja kazi hiyo miongoni mwa mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Kibandani na sokoni mabadiliko yanaonekana bila cheti chochote. Mnavu na mgagani sasa vinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, na mkulima mdogo anayelima robo ekari ana soko ambalo mama yake hakuwa nalo. Madaktari wa lishe wanazisifu kwa madini ya chuma na vitamini. Mboga hizo, nyingi zikiwa zinavumilia ukame kuliko kabichi, ni msaada pia kwa maeneo ambayo mvua haieleweki tena. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa walikuwapo bibi waliozipanda kila mwaka nyuma ya jiko walipokuwa wakichekwa.

Kisha kuna Lamu, ambako urithi umeingia mahakamani na kushinda. Mji wa kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, na mwezi Machi 2012 ukazinduliwa ujenzi wa bandari mpya upande wa Manda, sehemu ya mradi mkubwa wa uchukuzi wa LAPSSET. Wavuvi na wakazi wa Lamu hawakuwa wameulizwa. Uchimbaji wa kina cha bahari ulivuruga matope na kuharibu mikoko na mazalia ya samaki. Walipokwenda mahakamani, hoja yao haikuwa samaki peke yake. Walisema uvuvi wao, visiwa vyao na namna yao ya kuishi ni utamaduni unaolindwa na Katiba ya Kenya ya 2010. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi ilikubali: haki zao za utamaduni, za mazingira safi na za kupewa taarifa zilikuwa zimevunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76.

Malipo yalichelewa kwa miaka, na kucheleweshwa huko ni aibu. Hata hivyo hukumu ile ni jambo kubwa. Kabla yake, mvuvi wa Lamu aliyepoteza mlango wa bahari alioujua tangu utotoni alikuwa na malalamiko tu. Baada yake, ana haki iliyoandikwa. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 2019, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu waliosimama kidete katika kesi hizo ni wa mji uleule unaokusanya maelfu ya wageni kwa Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh, unaounda majahazi kwa mikono, unaobeba mizigo kwa punda. Anayedhani mambo hayo ni mapambo tu ya mji hajatazama ni nini kiliwaweka pamoja kwa miaka yote ya kesi.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, somo lilikuja kwa msiba. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Lilikuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme. Ndani yake kulikuwa na makumbusho, ukiwamo mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Nyufa zilionekana mapema, na sehemu zake zilikwisha kuanguka miaka ya nyuma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara hii kweli ni ukuta unaojengwa.

Lakini msiba wa Beit al-Ajaib haukuhusu jumba la sultani peke yake. Mji Mkongwe, ulioorodheshwa mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Upana wa vyumba umeamuliwa na urefu wa boriti. Chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Saruji ya dukani inauzuia, na ukuta wa matumbawe uliopigwa saruji huhifadhi maji na chumvi ndani hadi boriti zioze vichwani na sakafu ianze kuinama. Mwenye nyumba asiye na pesa hupaka saruji kwa sababu ni nafuu, iko karibu, na fundi yeyote anaijua. Fundi wa kuchoma matumbawe tanurini, kuyazima kwa maji na kuiacha chokaa ilowe miezi kadhaa kabla ya kuitumia, hapatikani kirahisi. Ujuzi huo haukuandikwa vya kutosha. Ulikuwa mikononi mwa watu, ukapita kwa mwanafunzi aliyekaa na mwalimu wake kazini.

Kwa hiyo kupoteza mafundi ni kupoteza mji, hata kama kila mlango wa nakshi umepigwa picha. Na kinyume chake ni kweli pia: kuwapata mafundi ni kupata ajira ambayo haiwezi kuagizwa kutoka nje. Nyumba za Mji Mkongwe zitahitaji chokaa kwa miaka mia nyingine. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalitolewa mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, baada ya kukaa humo miaka kumi, na kazi ile ya kuta na ya kuzuia bahari isimege ufuo isingewezekana bila wakazi wa kisiwa chenyewe. Kijana wa Kilwa au wa Malindi anayejifunza kazi hii ana riziki ya maisha. Ajabu ni kwamba vyuo vingi vya ufundi pwani vinamfundisha kujenga kwa tofali za saruji na havimfundishi kutengeneza mji alimozaliwa.

Pale urithi unapofanya kazi, kuna mtu mwenye mamlaka juu yake na anayenufaika nao. Kaya Kinondo ina wazee wake na shule yake. Mboga zina wakulima na watoto waliotumwa kuuliza. Lamu ilikuwa na wavuvi waliokubali kukaa mahakamani miaka sita. Pale ulipokufa au kuporomoka, mtu huyo hayupo, au yupo na hakuna anayemsikiliza. Vigango viliibwa kwa sababu mzee wa Kigiriama hakuwa na nguvu mbele ya mfanyabiashara, na vimekwama kwa sababu walioviandikisha hawakuona haja ya jina lake.

Wazee wa kaya hutumwa kwenye mikutano, hupigwa picha na mawaziri, huombwa dua na wanasiasa kila msimu wa uchaguzi, na kisha hurudi nyumbani bila nauli. Mkono mtupu haulambwi. Mtu analinda hekta za msitu ambazo serikali ingelazimika kuajiri askari kuzilinda, na hapati hata posho ya mwezi. Serikali za kaunti za Kilifi na Kwale zina bajeti za utamaduni. Sehemu kubwa inakwenda kwenye sherehe, mahema na fulana. Ni matumizi mabaya. Tamasha la siku moja halimbakizi mzee hata mmoja.

Bara na visiwani Tanzania, hali haitofautiani sana. Sheria ya mambo ya kale ya bara ni ya mwaka 1964, ilitungwa kwa ajili ya magofu na vitu vya kuchimbua, na kwa asili yake inamtazama mkazi kama tishio la kuzuiwa. Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011. Ni wakati wa sheria za ndani kumtambua fundi chokaa, mganga wa miti na manju wa ngoma kama wenye urithi, wanaopaswa kuulizwa kabla ya mradi kuanza na kulipwa wanapofundisha.

Kuhusu vigango, lipo la kufanya ambalo halihitaji mkutano wa kimataifa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaviondoe katika bohari na kuvipeleka Kilifi, viwekwe chini ya usimamizi wa wazee wa Gohu waliobaki, na familia zilizoibiwa ziitwe zije zivitazame. Wako watu wa miaka sabini na themanini wanaokumbuka nakshi ya kigango cha baba yao. Huenda vingine vikapata jina. Visivyopata jina wazee wenyewe waamue, ikiwa ni kuvisimika pamoja mahali pamoja na kuviacha kwa mvua, basi iwe hivyo, hata kama wataalamu wa uhifadhi watahuzunika.

Na makaya yote, yaliyoorodheshwa na UNESCO na yasiyoorodheshwa, yapimwe na kupewa hati zinazosomeka kwa jina la jamii husika. Wazee wanaojua kila kaya inaanzia mti gani na kuishia jiwe gani bado wapo. Wapima ardhi waende nao sasa.